Bibi wa Kirumi shingoni mwa mama mdogo: namna ya kusoma dinari iliyogeuzwa kidani

Mama mdogo wangu anaishi Uingereza, mwaka wa ishirini na kitu sasa, na ana tabia ya kutuma picha WhatsApp bila hata salamu, kisha maswali yanafuata kwa sauti. Safari hii ilikuwa picha ya kidani: mkufu mwembamba wa fedha, fremu ya duara, na ndani ya fremu sarafu iliyofifia kuwa kijivu, yenye kichwa cha mwanamke aliyetazama kulia. Alikinunua sokoni Jumapili kwa muuza vitu vya zamani. Sauti ikaingia: "Mwanangu, huyu mama ni nani? Ni cha kale kweli? Ni fedha? Na ni mali, au nimepigwa?"

Maswali manne kwa pumzi moja. Wauzaji wengi huyajibu yote kwa neno moja, "antiki", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Sarafu ina umri wake na fremu ina umri wake. Fedha ya sarafu si fedha ya fremu. Kitu kinaweza kuwa na miaka 1,800 kikauzwa bei ya viatu vya kawaida, na kingine cha juzi kikauzwa bei ya ng'ombe. Kwa hiyo nikamwamkia, nikamwomba picha nyingine ya karibu zaidi, tukaanza na moja moja.

Kumtambua mtu kwenye sarafu ya Kirumi usianze na sura, anza na maandishi. Yanazunguka ukingoni, na kwenye kidani cha mama mdogo yalisomeka IVLIA AVGVSTA. Warumi hawakuwa na J wala U kwenye maandishi yao. I ilifanya kazi zote mbili na V vilevile. Basi ni Julia Augusta. Julia ni jina la ukoo, na walikuwapo kina Julia wengi kama walivyo kina Mwanaisha kwetu. Augusta ni cheo. Roma haikuwa na malkia kwa maana tuijuayo. Hakukuwa na kiti cha enzi cha mwanamke wala sheria iliyompa mke wa kaisari madaraka. Alichoweza kupewa ni heshima ya kuitwa Augusta, na wa kwanza kuipata alikuwa Livia, mjane wa Augusto, kaisari wa kwanza, mwaka 14. Wake wa makaisari wengi waliofuata waliipata, ndiyo maana neno hilo peke yake halikwambii umemshika nani.

Anayekwambia ni nywele. Tazama picha kwa kuikuza: kuanzia utosini hadi shingoni nywele zimepangwa kwa mawimbi yaliyolala, moja juu ya jingine, kama matuta ya viazi yaliyolimwa kufuata mteremko wa kilima. Zinashuka zikifunika sikio karibu lote, halafu kisogoni zimekunjwa na kubanwa mduara mpana, kama kata ya kubebea ndoo iliyohama kutoka utosini. Wapo wataalamu wanaosema ni wigi, na ukiitazama ilivyo nzito unaona wana hoja. Faustina Mkubwa, mke wa kaisari wa miaka kama 60 kabla ya huyu, alijenga nywele zake juu ya kichwa. Faustina Mdogo, bintiye, alizibana nyuma kwa unyenyekevu zaidi. Mawimbi haya mazito pamoja na maandishi haya ni mtu mmoja tu: Julia Domna, mke wa Kaisari Septimius Severus.

Hapo mama mdogo akauliza, "Mzungu huyo?" Jibu lilimfurahisha. Domna alizaliwa Emesa, mji ambao leo ni Homs nchini Syria, binti wa kuhani wa mungu jua wa mji huo. Mumewe alizaliwa Leptis Magna, pwani ya Libya ya leo. Waliooana walikuwa Mwafrika wa kaskazini na Msyria, na kuanzia mwaka 193 wakatawala dola iliyofika mpaka Uskoti.

Kwa nini basi Severus alifua sarafu zenye sura ya mkewe? Si mapenzi, au tuseme si mapenzi peke yake. Mwaka 193 watu watano walidai ukaisari, na Severus aliupata kwa jeshi, si kwa urithi. Mtu aliyetwaa kiti kwa upanga anahitaji kuwaonyesha watu kwamba baada yake hakutakuwa na vita tena, na njia ya kuonyesha hilo ni familia: mke huyu hapa, watoto hawa hapa, Caracalla na Geta, warithi wapo. Hakukuwa na gazeti wala redio. Kulikuwa na mshahara wa askari, na mshahara ule ulihesabiwa kwa vipande vidogo vya fedha vilivyoitwa dinari, ambavyo vingepita mikononi mwa muuza mkate, mwenye nyumba ya wageni na kahaba kabla ya kwisha kazi. Sura ya Domna ilikwenda kila mahali ambako mguu wake haungefika. Mwaka 195 akapewa cheo cha Mater Castrorum, yaani Mama wa Kambi, na nacho kikachapwa kwenye sarafu. Ujumbe kwa askari ulikuwa wazi: huyu ni mama yenu.

Familia yenyewe haikuishi kama sarafu zilivyosema. Severus alifia York, kaskazini mwa Uingereza, Februari 211. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeishi zama hizo, anasimulia kwamba aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari, na wengine wote wasiwajali. Usia wa pili waliushika. Kabla ya mwaka kwisha Caracalla alimuua Geta, na Dio anasema kijana alikatiwa uhai mikononi mwa mama yake, naye Domna akakatazwa hata kulia. Kuna picha ya rangi juu ya ubao iliyopatikana Misri, sasa iko Berlin, ya familia nzima: Severus mwenye ngozi ya kahawia na ndevu zenye mvi, Domna na lulu zake na matuta yaleyale ya nywele, Caracalla mdogo, na mahali pa uso wa Geta pamefutwa mpaka ukabaki mbao tu. Amri ya kumfuta ilipita kwenye ubao na kwenye majengo. Mifuko ya watu ilikuwa mingi mno kwa amri kuipekua, kwa hiyo dinari za Geta zimebaki hadi leo. Mwaka 217 Caracalla naye akauawa, na Domna akafa muda mfupi baadaye Antiokia. Dio anasema aligoma kula.

Maandishi yanasaidia kukisia miaka. Mwanzoni aliandikwa IVLIA DOMNA AVG. Kuanzia kama 196 hadi kifo cha mumewe ni IVLIA AVGVSTA. Chini ya mwanawe anakuwa IVLIA PIA FELIX AVG. Kwa hiyo sarafu ya mama mdogo ilifuliwa kati ya 196 na 211. Hilo ni jibu la swali la kwanza, na nusu ya la pili.

La tatu, kama ni fedha, ndilo linalokera. Ni fedha, lakini Severus alichakachua. Siku za Augusto dinari ilikuwa karibu fedha tupu. Kaisari Nero akaipunguza mwaka 64, na waliofuata wakaendelea kupunguza kidogo kidogo. Severus, mwenye jeshi kubwa alilolipandishia mshahara, alishuka ghafla: kuanzia kama 194 karibu nusu ya dinari ni shaba. Mwenye kituo cha mafuta anayechanganya petroli na mafuta ya taa angemwelewa vizuri.

Ajabu ni jinsi walivyoificha. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu una wekundu unaoonekana, na askari si vipofu. Basi kabla ya kuchapa, vipande vilichomwa hadi shaba ya juu ikashika kutu, kisha kutu ile ikatolewa kwa kuvichovya kwenye tindikali. Kilichobaki juu ni ngozi nyembamba ya fedha, laini, yenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Halafu kikawekwa juu ya muhuri uliokazwa kwenye fuawe, muhuri wa pili juu yake, nyundo moja, ngozi ikashikamana ikang'aa. Kwa miaka mingi hata wapimaji wa kisasa walipata majibu mazuri kuliko ukweli kwa kuwa walipima ngozi. Ilibidi kuchimba hadi moyoni mwa sarafu ndipo nusu ile ya shaba ikajionyesha.

Kwa mwenye kidani jambo hili lina maana moja ya kila siku: usisugue. Tambara la kung'arishia fedha, dawa ya meno, magadi, vyote vinakula ile ngozi. Ukiondoa weusi unaondoa fedha, na chini yake kuna rangi ya senti ya zamani. Nilimwambia mama mdogo asugue mkufu akitaka, lakini yule bibi amwachie weusi wake. Tena weusi ndio unaofanya matuta ya nywele yasomeke.

Na hapa kuna kichekesho. Fremu ilikuwa na chapa ndogo nne nyuma: herufi za aliyeitengeneza, nanga, simba anayetembea, na herufi moja peke yake. Waingereza wana utaratibu wa zamani wa kupima na kugonga chapa vitu vya madini ya thamani. Nanga ni ofisi ya upimaji ya Birmingham, simba ni ahadi kwamba fedha ni ya 925, yaani sehemu 925 katika 1,000, na ile herufi ni mwaka. Herufi yake ilituangusha miaka ya 1970. Kwa hiyo kilichobeba ni bora kuliko kilichobebwa: fremu ya juzi ina fedha safi karibu mara mbili ya sarafu ya kaisari.

Hilo linanikumbusha mwanamke mwingine wa sarafu aliyening'inia vifuani mwa wanawake wa upande wetu. Riale iliyotumika Unguja na Omani karne ya 19 ilikuwa fedha ya Maria Theresa wa Austria, aliyefariki 1780, na mwaka huo uliendelea kuchapwa juu yake miaka nenda rudi baada ya kifo chake. Watu waliivaa kama ilivyo, ikatundikwa kwenye mikufu, au sonara akaiyeyusha kutengeneza vikuku. Ilipendwa kwa sababu haikubadilika: gramu 28 na kitu, fedha 833 katika 1,000, leo na kesho. Ingechakachuliwa kama dinari ya Severus, bibi zetu wangeigundua siku ileile kwa sonara.

Neno dinari lenyewe tunalo midomoni. Kilatini denarius, Kigiriki kikaichukua, kikaipitisha kwa Kiaramu, Kiarabu kikasema dinar, nasi tukaongeza irabu. Kwenye Injili vibarua wa shamba la mizabibu wanapatana dinari kwa kutwa, na hiyo ndiyo fedha ya Kirumi, ndugu mkubwa wa hii ya mama mdogo. Lakini dinari ya Kurani, Sura ya Al-Imran aya ya 75, ni ya dhahabu. Jina lilisafiri, madini yakabadilika njiani. Mtu akikuuzia "dinari" muulize ya nani.

Turudi kwenye fremu, maana wauzaji hupenda kusema "kidani cha Kirumi". Warumi kweli walivaa sarafu. Ushahidi ninaoupenda hautoki kaburini bali kwa mwanasheria: Pomponius, wa karne ya 2, anaandika kwamba inaruhusiwa kumwachia mtu kwa wosia haki ya kutumia sarafu za zamani za dhahabu na fedha ambazo watu hutumia kama vito. Maneno yake yamehifadhiwa kwenye mkusanyo wa sheria wa Kaisari Justiniani. Ona kwamba anasema za zamani. Hata Warumi walikuwa na antiki zao. Na ilikuwa ni zama za akina Severus hasa ambapo fasheni hiyo ilishika kasi. Ila vidani vya aina hiyo vilivyobaki ni vya dhahabu kwa sehemu kubwa: sarafu ya dhahabu ndani ya fremu iliyotobolewa vijitundu kama kofia ya viua. Dinari ya fedha kwenye fremu iliyonyooka yenye pete ya kupitisha mkufu ni kazi ya sonara wa karne ya 19, ya 20 au ya mwaka jana. Waliovaa fedha ya Kirumi zamani kwa kawaida walitoboa tundu tu. Makaburi ya Waanglo-Saksoni, watu waliohamia Uingereza baada ya Warumi, yana sarafu kama hizo, mara nyingi kwa wanawake na watoto, zimetobolewa baada ya dola kuondoka huko, na aliyezivaa pengine hakujua kusoma hata herufi moja iliyomo.

Kuhusu uhalisi wa sarafu yenyewe, picha haitoshi, na fremu inaficha kile unachotaka kuona: ukingo. Sarafu iliyogongwa kwa nyundo huwa na nyufa ndogo pembeni ambapo madini yalitanuka ghafla, na herufi zake zina kingo kali. Ya kumiminwa kwenye kalibu ina uvimbe laini, vijishimo vya mapovu, wakati mwingine mstari unaozunguka ukingo mzima. Huwezi pia kupima uzito ikiwa ndani ya fremu. Dinari ya wakati huo huwa na gramu 3 na kitu, upana kama ukucha wa kidole gumba. Usidanganyike vilevile kwamba ya bandia lazima iwe mpya; walaghai wa Kirumi nao walivika shaba koti la fedha, na kazi yao ina miaka 1,800 kama ya serikali.

Nilimshauri ampelekee sonara aifungue, kwa sharti la kutotumia moto. Fremu nyingi zimekunjwa tu juu ya ukingo, au zina makucha, na hufunguka kwa kisu butu na subira. Zikiwa zimelehemiwa, ziache. Joto la kulehemu ndilo lililokwisha kuziharibu sarafu nyingi, na ndiyo sababu mkusanyaji hulipa pungufu kwa ile iliyowahi kuwa kidani.

Bei, kwa sababu najua ndilo swali lililomleta: dinari ya kawaida ya Julia Domna katika hali ya wastani huuzwa kati ya dola 50 na 150. Watu hudhani umri ndio bei. Bei ni uchache, na Domna si mchache. Mwaka 1929 huko Reka Devnia, Bulgaria, ilifukuliwa hazina ya dinari zaidi ya 80,000 kwa mpigo mmoja, na yeye ni miongoni mwa waliojaa humo. Ukikuta kidani chake kinauzwa dola 900, unalipia fremu, jina la duka, au hadithi. Maduka makubwa ya vito yanajua hilo. Bulgari wa Roma wanaweka sarafu za kale kwenye dhahabu tangu miaka ya 1960, na hakuna anayekwenda kwao kununua gramu moja na nusu ya fedha.

Swali ambalo mama mdogo hakuliuliza ni ilitoka wapi. Kwa Uingereza sarafu moja iliyookotwa shambani kwa kawaida haihesabiwi kuwa hazina ya taifa, na biashara yake ni halali. Ungekuwa Uturuki mambo yangegeuka: kutoa vitu vya kale nchini humo bila kibali ni kosa. Mtalii anayeapiwa na muuzaji kwamba sarafu ni halisi, akaiweka mkobani na kwenda nayo uwanja wa ndege, anatakiwa aombe Mungu iwe bandia.

Jumamosi iliyofuata picha mpya zikaja. Sonara alikuwa amefungua: gramu 3.1, ukingo una nyufa mbili nyembamba, moja karibu na paji la uso. Nyuma kulikuwa na bamba la fedha lililofunika upande wa pili tangu miaka ya 1970, na chini ya bamba alikuwepo mwanamke amesimama, mtandio kichwani, mikono yote miwili imeinuliwa, madhabahu ndogo miguuni. PIETAS PVBLICA, uchaji wa umma. Mama mdogo hakusubiri nimtafsirie. "Anaomba dua," alisema, na hakukosea sana.

Akaamuru bamba lisirudi, sarafu ionekane pande zote mbili. Jioni akatuma tena picha ya upande wa nyuma, kidani kikiwa kimetundikwa kwenye msumari, na malalamiko: "Huyu mbona kasimama kwa kichwa? Yule sonara kakosea." Nikamweleza kwamba sonara hana kosa. Mafundi wa Roma walikuwa na mazoea ya kupanga mihuri yao ama kichwa kwa kichwa, ama kichwa kwa miguu. Yake ni kichwa kwa miguu. Ukikigeuza kidani kama ukurasa wa kitabu, lazima mmoja wao awe amepinduka. Ili wote wasimame sawa unakigeuza kwa kukipindua juu chini.

Kimya cha dakika kumi. Kisha sauti ya sekunde nne: "Nimejaribu. Kweli. Basi waache walivyo."